Mbwa wa Elgi: Ijue Kazi Yake Kabla ya Kumleta Nyumbani

Mbwa wa elgi wa Norwei ana sura ya kumponza mnunuzi. Masikio yamesimama wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, manyoya ya kijivu yenye ncha nyeusi yamejaa shingoni, na macho ya hudhurungi humtazama mtu bila woga wala jeuri. Dume huwa na kimo cha sentimita 52 begani, jike 49, na uzito wao ni kati ya kilo 20 na 25 hivi. Wanorwei humhesabu kuwa mbwa wa taifa lao. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Oslo, Trondheim au Stockholm hukutana naye njiani akitembezwa kwenye theluji, mtulivu na mpole, na watoto wao huuliza kwa nini nyumbani kwao hakuna mbwa kama huyo.

Swali la watoto ni la haki, na jibu lake ni kwamba mbwa huyu anaweza kuwa mwenzi mzuri sana wa familia, hata ya mtu asiyejua kushika bunduki. Lakini kila anachopendewa na kila anacholalamikiwa kinatoka mahali pamoja: kazi aliyozalishwa kuifanya, yaani kuwinda elgi. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Anayeijua kazi hiyo ataweza kukisia karibu yote yatakayompata atakapomleta nyumbani.

Kazi yenyewe

Elgi ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, na ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii hiyo. Dume aliyekomaa hukaribia mita mbili begani, na uzito wake waweza kufika kilo 500. Huishi katika misitu na vinamasi vya Norwei, Uswidi na Ufini, na kila mwaka wakati wa vuli huwindwa kwa vibali na kwa idadi iliyopangwa. Norwei peke yake huvuna makumi ya maelfu ya elgi kwa msimu, na sehemu kubwa ya nchi hiyo hufungua msimu tarehe 25 Septemba. Mbwa ni sehemu ya uwindaji huo hata kisheria: mwindaji wa elgi nchini Norwei lazima awe na uhakika wa kumpata mbwa aliyeidhinishwa kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa, ili asiachwe afe kwa mateso msituni.

Ziko namna mbili za kumtumia mbwa wa elgi. Ya kwanza ni kumwachia huru. Alfajiri mwindaji humvalisha kola yenye GPS, humfungua kamba na kukaa kimya. Mbwa huingia msituni akikata upepo, na baada ya dakika chache haonekani tena. Huweza kwenda kilomita moja au mbili peke yake. Akimpata elgi, hamrukii. Husimama mbali kidogo, hubweka mara chache kana kwamba amepita tu, halafu husogea. Elgi hana sababu ya kumkimbia mnyama mdogo namna ile, kwa hiyo hubaki palepale akimtazama kwa hasira. Mbwa huanza kumzunguka huku akibweka mfululizo. Elgi akipiga hatua mbele, mbwa hurudi nyuma. Akiinamisha kichwa na kurusha kwato za mbele, ambazo zinaweza kumvunja mbwa mgongo kwa pigo moja, mbwa huruka pembeni na kuendelea kubweka. Wakati huo mwindaji ananyemelea dhidi ya upepo, na kelele za mbwa humfichia sauti ya nyayo zake. Elgi akiamua kuondoka, mbwa hunyamaza, humfuata kwa siri mpaka asimame, kisha huanza upya. Shughuli hiyo huweza kuchukua saa nzima na zaidi. Katika mashindano ya mbwa hawa, waamuzi huhesabu hata idadi ya mibweko kwa dakika.

Namna ya pili ni kinyume chake. Mbwa huvalishwa mkanda wa kifuani na kamba ndefu, akamwongoza mwindaji kwa pua hadi karibu na elgi, na hapo sharti kuu ni ukimya. Akibweka ameharibu kila kitu. Ni mbwa wa aina ileile, ila amefundishwa kwa namna nyingine. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa litatufaa tutakapofika kwenye malalamiko ya majirani.

Wasomaji wa Kongo wanaweza kumlinganisha na mbwa wao wa msituni, basenji, ambaye habweki kama mbwa wengine, hata wawindaji humfunga kengele shingoni ili wajue alipo. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, limewaweka basenji na mbwa wa elgi katika kundi moja la 5, lakini kwa upande wa sauti ni wapinzani kabisa.

Ukongwe usiotegemewa

Wauzaji hupenda kusema kwamba mbwa huyu ndiye yuleyule aliyeishi na Waviking, na kwamba hajabadilika kwa miaka elfu kadhaa. Ni kweli kwamba Waviking walikuwa na mbwa. Katika kaburi la meli ya Gokstad, lililochimbuliwa mwaka 1880, mifupa yao ilikutwa pamoja na ya farasi. Lakini mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya aina 85 za mbwa, na mbwa wa elgi akaangukia katika kundi la mbwa wa kisasa wa Ulaya, licha ya sifa zake za ukongwe. Umbo na tabia tunazoziona leo zimetokana na uchaguzi wa makusudi wa wawindaji, hasa tangu mbwa hawa walipoanza kuorodheshwa na kuonyeshwa hadharani nchini Norwei mwaka 1877.

Kwa mfugaji, hilo ni jambo la manufaa kulijua. Tabia iliyochaguliwa na watu hutofautiana kati ya ukoo na ukoo. Mtoto wa mbwa aliyetoka kwa wazazi wanaowinda kila vuli atakuwa na moto zaidi kuliko yule ambaye ukoo wake umekaa majumbani kwa vizazi vingi, kama ilivyo kwa wengi wa Uingereza na Marekani. Kwa upande wa Skandinavia kazi bado inapewa uzito mkubwa. FCI humhesabu miongoni mwa mbwa wanaotakiwa kufanya mtihani wa kazi, na wazalishaji wengi huko hutaka kwanza kujua kama mnunuzi anawinda.

Mbele ya watu

Mbwa anayewinda kwa sauti hafanyi kazi yake kwa meno, na ndiyo maana tabia yake kwa binadamu ni laini. Mwenye hasira ya kushika na kung'ata angeuawa na elgi wa kwanza. Wawindaji kwa vizazi wamebakiza wale wenye ujasiri wa kiasi, wanaojua lini wasogee na lini warudi nyuma. Nyumbani, kiasi hicho huonekana kama utulivu. Huvumilia watoto, huwapenda watu wa nyumba yote badala ya kujifunga kwa mtu mmoja tu, na hupenda kulala mahali ambapo anaweza kuona kila anayepita. Uvumilivu huo hata hivyo haumwondolei mzazi wajibu wake: mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa yeyote, wala haruhusiwi kumsumbua akiwa anakula.

Nyumba nyingi kwetu zina kibao getini kilichoandikwa "Mbwa Mkali". Anayetafuta mbwa wa kukistahili kibao hicho asimchukue huyu. Atakujulisha kwamba mtu amefika, tena kwa sauti ambayo mtaa mzima utaisikia. Zamani shambani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili, kupiga kelele dubu au mbwamwitu anapokaribia mifugo. Lakini mgeni akishakaribishwa, mbwa huyu humnusa, hutikisa mkia na kumfuata hadi sebuleni. Ni mpiga mbiu, mlango hajui kuuzuia.

Kwa mbwa wenzake mambo hubadilika kidogo. Madume hasa huweza kugombana na madume wengine, kwa hiyo ni busara kuanza mapema kuwazoesha. Paka aliyekua naye nyumba moja kwa kawaida huishi naye salama. Paka wa jirani, kuku na mbuzi ni habari nyingine, kwa kuwa silika ya kufuata kinachokimbia haifi kwa sababu tu mbwa anakula chakula cha duka.

Sauti

Lalamiko la kwanza la wanaomfuga mjini ni kubweka. Anabweka akiona baiskeli, akisikia lifti, akiachwa peke yake, akifurahi. Wengi humkemea kwa kupaza sauti, naye huona kwamba mwenye nyumba amejiunga na kazi, akaongeza bidii.

Hapa ndipo tunapomkumbuka yule mbwa wa kamba anayekwenda kimya mbele ya mwindaji. Ukimya kwake ni ujuzi unaofundishika, mradi ufundishwe kama kazi. Mwache abweke mara mbili tatu, kwani kukujulisha ni haki yake. Kisha mwite kwa sauti ya kawaida, mpe kipande cha chakula pale anaponyamaza, na urefushe kidogo kidogo muda wa ukimya kabla ya kumpa. Anza tangu akiwa na wiki nane, siku anapoingia nyumbani. Mbwa wa miaka minne aliyezoea kubweka dirishani anaweza kupunguza, lakini itakugharimu miezi ya subira.

Chanzo kingine cha kelele ni upweke. Huyu ni mbwa aliyezoea kuwa na watu shambani, na kumfungia ndani tangu asubuhi hadi jioni ni kumtafutia matatizo. Uswidi imeliweka jambo hili katika kanuni zake: mbwa lazima atolewe nje angalau kila baada ya saa sita. Mtu anayefanya kazi za zamu na kuishi ghorofani afikirie kanuni hiyo kabla ya kufikiria rangi ya manyoya.

Ukaidi wenye sababu

Lalamiko la pili ni kwamba hasikii. Anaitwa, anageuza sikio moja, anaendelea na safari yake. Watu humwita mkaidi na wengine humwita mjinga. Lakini tumemwona akiwa kilomita mbili ndani ya msitu, hana wa kumwelekeza. Aamue mwenyewe asogee au arudi, abweke au anyamaze, afuate nyayo hizi au zile. Mbwa wa kungoja amri angerudi mikono mitupu kila siku, na wawindaji wasingempa nafasi ya kuzaa. Uamuzi wa kujitegemea ulitafutwa kwa makusudi, na haumtoki kwa kuwa sasa anaishi katika nyumba yenye bustani.

Anafundishika vizuri na mtu mwenye haki na msimamo. Vipindi viwe vifupi, malipo yawe chakula, na amri isirudiwe mara kumi. Kipigo hakisaidii kitu. Mbwa huyu ana kumbukumbu ndefu, na aliyepigwa akija hatakuja tena. Mfunze kuja anapoitwa kwa kutumia kamba ndefu ya mita kumi hivi, mahali pasipo na harufu za wanyama, halafu polepole uhamie penye vishawishi. Hata baada ya hayo yote, usimfungue karibu na barabara. Pua ikishika harufu mbichi, masikio hufunga.

Norwei ina sheria inayokusaidia kulikumbuka hilo: kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti mbwa wote hutakiwa kufungwa kamba au kuwa ndani ya uzio, ili ndege wanaotaga na wanyama wenye watoto wasisumbuliwe. Uzio wenyewe uwe mrefu na imara hadi chini, kwa sababu anaruka na anachimba.

Mazoezi ni lazima. Saa moja ya mwendo wa maana kwa siku ndiyo kima cha chini kwa mbwa mzima mwenye afya, na mwenye damu ya uwindaji hutaka zaidi. Hata hivyo miguu peke yake haitoshi, kwani pua nayo inataka kazi. Buruta kipande cha nyama kwenye nyasi, uiache harufu saa moja, kisha mwambie mbwa aifuate. Ficha chakula chake nyuma ya magogo badala ya kukiweka kwenye bakuli. Dakika ishirini za kunusa kwa makini huweza kumchosha kuliko mbio ndefu, na mbwa aliyechoka kwa kazi anayoipenda habweki dirishani.

Manyoya na joto

Koti lake lina tabaka mbili. Juu ni nywele ndefu ngumu zinazokinza mvua na theluji. Chini ni sufi laini, nene, inayoshika hewa na kuhifadhi joto la mwili. Kwa kawaida hana harufu kali. Mara mbili kwa mwaka hivi sufi ile huachia. Ukipitisha chanuo ubavuni hutoka mafumba ya rangi ya maziwa, na unaweza kujaza mfuko kwa siku moja, kesho yake ukajaza mwingine. Itakuwa kwenye zulia, kwenye suti na kwenye chai. Mwenye pumu au mzio wa manyoya asijaribu bahati yake.

Koti hilo humruhusu kulala nje kwenye kibanda kikavu hata katika baridi kali, jambo linaloweza kuwafaa Waislamu wengi wanaotaka mbwa lakini hawataki mate yake ndani ya nyumba. Mbwa wa kuwinda aliyefundishwa ametajwa katika Sura ya al-Maida, aya ya 4, na kila familia inaweza kumuuliza shehe wake kuhusu mengine. Kwa upande wa mbwa mwenyewe, neno ni hili tu: kulala nje si vibaya kwake, kuachwa nje bila watu mchana kutwa ndiyo mateso.

Koti hilohilo linamfanya asifae Dar es Salaam, Mombasa wala Muscat. Mbwa hatoi jasho mwilini isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, na kuhema hufanya kazi pale tu unyevu wa mdomoni unapoweza kukauka hewani. Hewa ya Pwani tayari imejaa unyevu. Mbwa huhema asipoe, na joto la mwili likipanda sana viungo huharibika ndani ya muda mfupi. Kumnyoa si dawa, kwa kuwa nywele za juu pia humkinga na jua. Ukimpenda mbwa huyu nawe unaishi ukanda wa joto, heshima kubwa unayoweza kumfanyia ni kumwacha kwao.

Bakuli na daktari

Anapenda kula, na mwili uliozoea kazi ya siku nzima kwenye theluji hunenepa upesi ukikaa nyumbani. Pima chakula kwa kikombe, toa hesabu ya vile vipande vya mafunzo, na kila wiki mpapase mbavuni: mbavu zigusike kirahisi chini ya manyoya. Usidanganywe na koti, kwani linaficha kilo nyingi.

Wengi wao huishi miaka 12 hadi 15. Magonjwa ya kuangaliwa ni ulemavu wa nyonga, kudhoofika kwa retina kunakoishia upofu, presha ya jicho na upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Muulize mzalishaji akuonyeshe picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili na cheti cha uchunguzi wa macho. Kwa aina moja ya presha ya jicho kipo kipimo cha vinasaba. Mzalishaji anayekasirika kwa maswali hayo amekujibu.

Ndugu zake

Anayemtaka mbwa wa namna hii ajue kwamba wapo zaidi ya mmoja. Uswidi ina jämthund, mkubwa zaidi, dume wake akikaribia sentimita 61, ambaye alitambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 1946. Mwili wake mkubwa unataka nafasi kubwa na mkono wenye nguvu. Norwei ina pia mbwa wa elgi mweusi, mdogo na mwepesi kuliko wa kijivu, anayetumiwa sana kwa kamba. Kwa anayeanza kufuga, wa kijivu ndiye wa katikati.

Amfuge nani?

Anamfaa mtu anayeishi kwenye baridi, mwenye uzio na majirani walio mbali kidogo, anayependa kutembea hata mvua ikinyesha, na anayeweza kucheka pale amri yake inapofikiriwa kwanza kabla ya kutiiwa. Familia yenye watoto waliokwisha kuanza shule itamfurahia. Hamfai anayekaa ghorofani na kushinda kazini, anayetaka utii wa papo hapo, anayependa kumwachia mbwa huru kwenye bustani za umma, wala anayetafuta mlinzi wa kutisha wezi.

Kabla ya kulipa, omba kutembea msituni na wazazi wa mtoto unayemtaka, tena siku ya mvua. Wasikilize wanavyobweka, waite uone wanakuja baada ya muda gani, kisha jiulize kama unaweza kuishi na hayo kwa miaka 12 au zaidi. Ukiona huwezi, chukua mbwa mwingine. Wapo wengi wazuri wasiohitaji msitu.